Juu ya nini hatutaacha matembezi ya kinga siku ya Mungu

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanamemba na marafiki wa harakati yetu, Kalemie, siku ya posho jioni

  

Leo tunaongea juu ya kinga. Tuko na kinga tatu za umeme, velo zenye moteri ndogo na bateri, na kila siku ya Mungu asubuhi tunatembea nazo kandokando ya ziwa, pamoja na wale wenye kinga za kawaida. Wiki hii yote kundi letu la WhatsApp limewaka moto juu ya matembezi haya. Wenzetu wamoja wanasema tuyasimamishe mpaka wakati mzuri. Wengine wanasema kinga ziuzwe, ama ziingie mu kazi ya taxi. Kisha maneno haya tutapiga kura. Sisi ambao tunataka matembezi yaendelee tumeombwa kutoa sababu zetu wazi, na tumeziandika, ili kesho mtu asituwekee mu kinywa maneno ambayo hatukusema.

Kwanza kwa wale ambao hawajaziona. Kinga moja ilivuka ziwa kutoka Kigoma mu boti, imefungwa mu makartoni. Mbili zingine ni kinga za hapahapa, zile nzito ambazo sisi wote tulijifunzia tukiwa wadogo, mguu umepitishwa chini ya fremu. Fundi wa karitye alizifungia moteri ku gurudumu la nyuma na bateri ku fremu. Ukipiga pedali, moteri inakusaidia. Ukiacha, inanyamaza. Haina kelele, haina moshi, haiombi mafuta. Mwendo wake haupiti kilometa 25 kwa saa, na hiyo inatosha. Watu wanakuja kumi, kumi na tano, kinga tatu za umeme zinazunguka kwa zamu, na kila mtu anapata kipande chake cha njia.

Furaha yake iko wapi? Iko ku kilima. Munajua vilima vya nyuma ya mji. Mtu amezoea kushuka na kusukuma kinga, jasho linamwingia mu macho. Sasa unapiga pedali kama ku njia ya sawasawa na kilima kinapita chini yako, na unaweza kuongea na mwenzako wakati unapanda. Tumeona watu wazima wakicheka peke yao mara ya kwanza, bila mtu kuwaambia kitu cha kuchekesha. Tunasema wazi kwamba tunapenda kicheko kile. Harakati yetu imezoea kukusanya watu kwa hasira, na hasira iko na kazi yake, lakini vijana wengi wa mji huu wamekuja kutujua sababu ya kinga.

Sasa neno nzito. Mwenzetu mmoja aliandika mu kundi: vita iko, batu banalala chini, ninyi muko munachezea kinga. Hatutamjibu kwa kejeli, maana anasema kitu cha kweli. Jimbo letu linajua vita vyake lenyewe, kati ya Batwa na Baluba, na watu walijaza pembeni za mji. Kisha mwaka 2025 vita ikafika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, na boti zikashusha hapa familia nzima na mizigo mu mashuka. Badeplase wako kati yetu leo, mu chumba hiki.

Lakini tuangalie sentensi ile inataka nini. Inataka kwamba mpaka amani ikuje, kijana wa Kalemie afanye vitu viwili tu, kuteseka na kulalamika. Amani ile tunaingojea tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mtu wa miaka ishirini na mitano mu nchi hii hajaona mwaka hata mmoja ambao ungemwambia: sasa unaweza kucheka. Na tena, wa kwanza kuomba zamu walikuwa badeplase. Kijana mmoja aliyekimbia Kivu alikuja siku moja akasimama pembeni, akaangalia, akaomba apande mpaka ku daraja tu. Wiki iliyofuata alikuja na wenzake wawili. Leo yeye ndiye anatuzibia matairi, na ni fundi kuliko sisi wote. Wale tunaowasemea siku nyingine hawajatuomba tukae nyumbani kwa heshima yao. Tungewauliza kwanza.

Kuna kitu kingine chini ya lawama ile, na tukitoe inje. Wengi wetu ni bashomeri. Tuko na lisansi zetu mu makabati, zimefunikwa na plastiki juu ya mende. Mtu wa kazi akitembea siku ya Mungu, tunasema anapumzika. Shomeri akitembea ku njia ileile, tunasema anazurura. Ndiyo maana wazazi wanaona haya wakituona: kijana wangu nilimlipia unive miaka mitano, sasa yuko ku bara-bara na kinga. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 24, linasema kila mtu ana haki ya kupumzika na kujifurahisha. Ni kweli kifungu hicho kinaongea pia juu ya saa za kazi na likizo yenye mshahara, na sisi hata kazi yenyewe ya kupewa likizo hatuna. Lakini kimesema kila mtu. Hakikusema kila mfanyakazi mwenye matrikule.

Na kuna kifungu cha karibu zaidi. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 58, inasema Wakongo wote wana haki ya kufurahia utajiri wa taifa, na Leta ina kazi ya kuugawa kwa usawa. Mu Kifaransa neno lililoandikwa ni «jouir». Sisi tulisoma kifungu hiki unive kama somo la kukariri, tukaandika mu mtihani, tukapata pointi. Hatukufikiri kwamba siku moja tutakielewa tukiwa juu ya kinga.

Tunaeleza. Bateri ya kinga ile ni ya litiamu. Na Manono iko wapi? Iko mu jimbo hili letu la Tanganyika, jimbo ambalo makao yake makuu ni hapa Kalemie tangu mwaka 2015. Watu wa Manono walichimba kasiteriti tangu wakati wa Wabelgiji, na wazee wanajua ile ilimuachia Manono nini: mashimo yenye maji na magofu. Sasa chini ya ardhi ileile, pale Roche Dure, kuna litiamu ambayo dunia nzima inaihesabu kati ya akiba kubwa. AVZ ya Australia, Zijin ya China, na Cominière ambayo ni kampuni ya Leta, wamevutana juu yake miaka na miaka mbele ya waamuzi wa inje. Sisi wenye jimbo tunasoma habari hizo ku simu, kama habari za timu za Ulaya.

Mu bateri moja ya kinga litiamu yenyewe haifiki hata robo kilo. Ni makumi ya gramu tu, unaweza kuishika mu kiganja. Na haitoki Manono moja kwa moja kuja hapa. Mawe ya namna ile yanachomwa na kusafishwa mbali, vibateri vinatengenezwa kwa wingi huko China, vinafungwa, vinapanda meli, vinapita Dar es Salaam na reli mpaka Kigoma, na mwisho vinavuka ziwa mpaka kwetu. Kisha tunavinunua kwa dola. Mtoto wa Kalemie akipanda kinga ile siku ya Mungu na kuuliza bateri hii imetengenezwa na nini, maneno ya Manono yanaanza yenyewe, na hakuna aliyemuita ku konferansi. Tumeona hii mara nyingi. Tumegawa karatasi juu ya Kodi ya madini miaka yote hii na watu wamefungia nazo karanga. Juu ya kinga wanauliza.

Na wakiuliza, tunawaambia ile tunaijua. Kodi ya madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mirabaha namna hii: asilimia 50 Leta ya Kinshasa, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 mji ama sekta ambapo madini yanatoka, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Pembeni ya hiyo, kampuni inayochimba inapaswa kutoa isiyopungua asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Sheria iko, na imeandikwa vizuri kuliko barua zetu. Kila mwaka ambao litiamu ya Manono itatoka, tutauliza asilimia 25 ile imeingia lini na imetengeneza njia gani.

Sasa tuongee juu ya mvua, maana wengine hawana shida na matembezi, shida yao ni mvua. Wanasema tungojee kiangazi kirudi. Hao hawajui kiangazi cha Kalemie juu ya kinga! Toka mwezi wa tano mpaka wa nane upepo unatoka kusini-mashariki, unavuka ziwa lote bila kitu cha kuuzuia, unatufikia sisi wa upande huu na nguvu zake zote. Vumbi linaingia mu meno. Ukienda ukiwa na upepo mgongoni unajiona bingwa. Ukirudi, bateri inakunywa mara mbili. Bateri yetu ni ya volti 36 na amperi-saa 10, ndiyo kusema wati-saa 360. Siku ya utulivu, mtu akisaidia na miguu, inatupeleka kilometa 35 hivi. Siku ya upepo wa mbele ama ya matope tumeona ikilala kabla ya 20, na kinga nzito yenye bateri imelala ni adhabu. Kwa hiyo tulijifunza kuanza safari kwa kuelekea upepo na kurudi nao mgongoni. Wavuvi walijua hii kabla yetu, walitucheka.

Wakati wa mvua ndiyo wakati mzuri. Asubuhi kisha mvua ya usiku vumbi limelala, hewa imeoshwa, na siku zingine milima ya upande wa Tanzania inasimama wazi kabisa ku ng'ambo, ile ambayo mu kiangazi moshi wa kuchoma majani unaificha. Hapo unatembea polepole bila kutaka. Mara jua, mara manyunyu, mara jua tena, na ziwa linabadilisha rangi mara tano kabla ya kufika ku daraja. Wenye kutaka anga moja siku nzima wamekosa mji.

Hatusemi hakuna hatari. Mvua yetu haibishi hodi. Ndiyo sababu tuna kanuni, na tunaomba wapya wazisikie vizuri. Manyunyu na mvua ya kawaida hayaui kinga ya umeme, lakini kuizamisha kunaiua. Maji yakifika ku ekseli, ku moyo wa gurudumu ambamo moteri imelala, shuka ubebe. Usijaribu kupita kwa ushujaa, moteri ikikunywa maji kutu inaanza ndani na hautaiona mpaka siku itakataa. Breki zenye maji zinakamata kwa kuchelewa, anza kufunga mbali. Udongo mwekundu wenye kulowa unateleza kama sabuni. Ngurumo ikianza, tunashuka kilimani na kuingia mu nyumba ya watu. Hatusimami chini ya mwembe uliobaki peke yake, hata kama wote wanakimbilia pale. Na ukifika nyumbani, toa bateri, pangusa vichuma vyake na kitambaa kikavu, uiache ikae kwanza. Hakuna kuchaji bateri yenye kulowa, hakuna kuchaji ku nyumba yenye kuvuja, hakuna kuchaji usiku wakati wote wamelala. Mwenye kuvunja hii ya mwisho anapoteza zamu mwezi mzima, tulisha kukubaliana.

Kuchaji pia ni habari ya hali ya hewa. Umeme wa mji unatoka mbali kaskazini, ku maporomoko ya mto Kyimbi kule Bendera, mtambo wa wakati wa ukoloni. Unakuja, unaenda, na ukirudi kwa nguvu unaweza kuchoma shajeri. Ndiyo maana tunachaji ku paneli ya jua ya wati 100. Jua likiwa kamili, bateri moja inataka saa tano hivi. Wakati wa mvua, mawingu yakikaa, bateri ileile inaweza kula siku mbili, na kinga tatu zinataka wiki. Yaani matembezi moja kwa wiki si uvivu wetu, ni hesabu.

Hesabu hiyohiyo ndiyo jibu kwa wenye kusema ziingie mu taxi. Wazo si baya. Mama wa mwenzetu mmoja alituambia kinga isiyoleta unga ni pambo, na mama hana kosa. Lakini moteri hii ni ya wati 250. Imetengenezwa isaidie mtu mmoja anayepiga pedali. Umuwekee abiria na gunia la unga wa muhogo, umupandishe kilima mara kumi na tano kwa siku, itachoka kabla ya wewe. Bateri ya namna hii inavumilia kuchajiwa mara mia kadhaa, kisha inaanza kupungua nguvu. Ukiichaji mara mbili kila siku, haimalizi miaka miwili, na bateri ndiyo kitu cha bei kuliko vyote ku kinga. Tungepata unga wa mwaka mmoja na vyuma vya kuuza ku skrapu.

Kazi ya usafiri wa umeme iko, na tunaitaka sana. Nairobi leo kuna pikipiki za umeme zenye kubeba abiria kweli, na dereva anafika ku kituo, anatoa bateri tupu, anawekewa yenye kujaa, anaendelea. (Kuna mji mwingine wa jirani wenye kujulikana kwa kitu hicho. Hatuutaji leo, munajua juu ya nini.) Kazi ile inataka umeme usiokatika, njia, na mtu mwenye kukopesha kijana bila kuomba nyumba ya baba yake kama rehani. Hivyo ndivyo tunaidai Leta. Hatuwezi kuibebesha kinga tatu za siku ya Mungu.

Ku njia sasa. Munajua mwaka 2024 ziwa lilifanya nini. Lilipanda, likaingia mu avenyu za kandokando, mu nyumba, mu maduka, watu wakatoka na magodoro ku kichwa. Haikuwa mara ya kwanza, wazee wanakumbuka lilivyopanda pia miaka ya 1960. Ziwa hili ni refu kupita kilometa 600, mito kutoka nchi nne inaliingia, na mahali pa kutokea ni pamoja tu: Lukuga, hapa kwetu, chini ya daraja tunalovuka. Mwaka 1878 maji yalivunja udongo na majani yaliyokuwa yameziba mdomo wa Lukuga, na ziwa likashuka karibu meta 10 mu miaka iliyofuata. Kalemie ndiyo kizibo cha chupa nzima. Mtu akitembea kwa kinga pale polepole anaiona hii kwa macho: mchanga umejaa wapi, nyumba gani imejengwa mahali ambapo maji yatarudi, ukuta gani bado una mstari wa 2024.

Mu gari hauvioni. Ku pikipiki unaruka tu mashimo. Ku kinga unaona kila mfereji, na mvua ndiyo inakuonyesha mfereji gani ni wa kweli na gani ni wa picha ya uzinduzi. Tangu mvua ianze tuko na daftari moja. Kisha kila matembezi tunaandika: avenyu gani imejaa maji na tangu saa ngapi, mfereji gani umeziba na umeziba na nini, nguzo gani ya umeme imelala, daraja dogo gani linakula gurudumu. Dada mwenye kuliandika ana mwandiko mzuri kuliko wa maofisi yote. Kurasa za kwanza zilisha kuwekwa pamoja na barua kwa wakubwa wa mji. Hawajajibu. Daftari linaendelea kujaa, na barua ya pili itakuwa nene kuliko ya kwanza.

Tumetaja dada huyo, tuseme na neno hili. Mwanzoni badada walikuwa wawili. Watu ku njia walipiga mluzi, wamoja walisema msichana hapandi kinga, eti inamharibu. Leo ni karibu nusu yetu. Wanasema wazi juu ya nini: kilima kimekwisha kuwa kidogo, na ku kundi hakuna mtu wa kuwasimamisha. Tukiacha matembezi, bavulana wataendelea kutembea peke yao kama zamani. Badada ndio watarudi nyumbani. Wenye kutaka kupiga kura ya kusimamisha wafikiri hili kwanza.

Na wale wenye kuogopa ruhusa. Kifungu cha 26 cha Katiba kinataka wenye kupanga matembezi ya watu ku njia ya wote wawajulishe wakubwa kwa barua. Kujulisha, si kuomba. Barua yetu iliingia mapema na kopi yenye muhuri tuko nayo. Mahali fulani mtu alituomba kitu kidogo cha sigineti. Hatukutoa, tukakaa ku benchi na daftari letu mpaka muhuri ukapigwa. Ilichukua asubuhi mbili. Shomeri ana asubuhi.

Tunachoomba kura iseme ni hiki: matembezi yaendelee kila siku ya Mungu, wakati wa mvua na wakati wa upepo, kinga tatu zisiuzwe wala zisikodishwe, nafasi nne za zamu ziwekwe kila mara kwa badeplase, na mbili kwa mtu yeyote ambaye hajawahi kupanda, daftari lisomwe hapa kila mwisho wa mwezi, hata kama wakubwa hawakuja kulisikiliza. Wenzetu ambao hawakubali watabaki wenzetu, na kinga ni zao pia.

Kura ikipita, kesho tunaonana saa kumi na mbili ya asubuhi, mbele ya gare. Mvua ikinyesha saa ile, tunangojea saa moja. Ikizidi saa mbili, tunarudi nyumbani bila mtu kulaumu mwingine. Tutashika avenyu Lumumba, tutavuka daraja la Lukuga, tutaendelea na njia ya uwanja wa ndege mpaka bateri ya kwanza ifike nusu, na pale tutageuka. Kinga za kawaida mbele, za umeme nyuma, ili wenye nguvu za bure wasiwachokeshe wenye miguu. Kila mtu alete chupa yake ya maji na mfuko wa plastiki wa simu. Pompe yetu imepasuka, mwenye nyingine atusaidie kuileta.